Kabla ya kubadilisha mfumo wa kishikwambi: ushauri kwa mafundi wanaoanza kazi

Fundi anayeanza kazi, akipokea kishikwambi cha mteja ili akiwekee mfumo endeshi mwingine, aghalabu hukimbilia kutafuta faili la mfumo huo mpya na kuuliza kama linaendana na modeli aliyo nayo. Ninawasihi muanze na kilichomo tayari ndani ya kifaa. Mfumo unaweza kupakuliwa tena wakati wowote, lakini hesabu za mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, zenye majina ya wadaiwa wake na picha za risiti za magunia aliyosafirisha, huenda hazipo mahali pengine popote.

Katika vishikwambi vingi vya Android, hatua ya kufungua butiloda, yaani programu inayouwasha mfumo na kuzuia mifumo isiyoidhinishwa, hufuta data zote za mtumiaji. Hiyo si hitilafu, bali ni ulinzi uliowekwa makusudi ili mwizi asiweze kuingiza mfumo wake na kusoma mambo ya mwenye kifaa. Aidha, vifaa vilivyotoka vikiwa na Android 10 au toleo la baadaye husimba data, yaani huzigeuza zisisomeke, kwa ufunguo unaolindwa ndani ya kifaa chenyewe, na ufunguo huo ukishafutwa, hakuna programu ya kurejesha faili itakayowasaidia, kwa hiyo msimwahidi mteja jambo hilo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa kwa kuitegemea rikavari ya TWRP, yaani mfumo mdogo wa pembeni wa kuwekea mifumo mipya na kutengeneza nakala, ambayo kwa kweli ni chombo kizuri. Kwanza, kwa kawaida haiwekwi mpaka butiloda iwe imefunguliwa, maana yake ni kwamba inapofika, data za zamani zimekwisha kuondoka. Pili, hata kwenye kifaa kilichofunguliwa siku nyingi, nakala yake ya sehemu ya data huacha nje folda ya /data/media, na humo ndimo inamokaa hifadhi ya ndani anayoijua mteja: picha, video, nyaraka na vitu alivyopakua. Fundi huona maandishi yanayosema kazi imekamilika, akaamini kwamba kila kitu kimo, kumbe amehifadhi programu na mipangilio yake tu. Nakala hiyo nayo huandikwa kwenye hifadhi ileile ya ndani msipochagua mahali pengine, kwa hiyo atakayeifuta hifadhi hiyo atakuwa ameifuta na nakala yenyewe.

Njia ninayoipendekeza ni kunakili kwenda kwenye kompyuta kwa adb, chombo cha kompyuta cha kuwasiliana na kifaa cha Android, kwa amri ya adb pull -a /sdcard (/sdcard hapa ni ile hifadhi ya ndani, si kadi ya kumbukumbu), kwa kuwa kiambishi -a hutunza tarehe za faili. Majina ya simu yahamishwe kwanza kuwa faili la vcf, ambalo ni faili la kuhifadhia majina na namba za simu. Kwa WhatsApp, nakala ifanywe ndani ya programu yenyewe kabla ya kunakili folda zake, na mteja aulizwe kama aliwasha usimbaji wa nakala hizo, kwa sababu bila nywila yake au ufunguo wa tarakimu 64 hazitafunguka. Kadi ya kumbukumbu iliyounganishwa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani ihesabiwe kuwa imo hatarini pia: imesimbwa kwa ufunguo wa kishikwambi hicho, na kuichomoa hakuiokoi.

Kazi hii ifanywe kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, baadhi ya faili hubaki pungufu ilhali majina yake yanaonekana. Nimeona picha ya namna hiyo ikifunguka vizuri sehemu ya juu, na kuanzia katikati kwenda chini ikawa kijivu kitupu. Kwa hiyo linganisheni idadi ya faili na ukubwa wake pande zote mbili, mtumie sha256sum, amri inayotoa alama ya faili ili mjue kama nakala inafanana kabisa na asili, kwa yale muhimu zaidi, kisha mfungue kwenye kifaa kingine picha ya zamani kabisa, faili la jana na video iliyo kubwa kuliko zote. Mpaka hapo, msiguse butiloda.

Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu ni mali ya serikali, hivyo mwalimu akikuletea kimoja abadilishiwe mfumo, mrudishe kwa mwajiri wake kwanza.

Nakala mliyoitengeneza ni siri ya mtu. Ombeni ridhaa yake kabla ya kunakili, msiifungue zaidi ya uhakiki unavyohitaji, na msiiweke kwenye kompyuta inayotumiwa na kila anayeingia dukani. Mteja akishafungua kifaa chake, akaziona hesabu zake na kuthibitisha kwamba hakuna kilichopungua, ifuteni mbele ya macho yake.