Jibu: Kitoto cha paka kilichofiwa na mama

Pole ndugu. Umesema mama kagongwa na gari, kitoto hakijafungua macho, na maziwa ya ng'ombe yanakiharisha. Achana nayo. Ulizia duka la dawa za mifugo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Bei imechangamka, lakini ndiyo yanayokifaa.

Kabla ya kulisha, kiguse tumbo. Likiwa la baridi usikipe kitu, hakiwezi kusaga chakula. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie kanga, kilaze pembeni mpaka kipate joto. Kisha tumia bomba la sindano (sindano yenyewe itoe), tone kwa tone, kikiwa kifudifudi. Ukikilaza chali kama kichanga cha binadamu, maziwa yanaingia mapafuni. Wangu wa kwanza nilimpoteza hivyohivyo. Kilishe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Utakoma!

Halafu hakiwezi kukojoa chenyewe. Kila kikinyonya, kifute chini ya mkia taratibu kwa pamba yenye maji vuguvugu, kama mama anavyolamba, mpaka mkojo utoke. Kikigoma kunyonya, kimbilia kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.