Anaimba Namba Hadi Ishirini, Lakini Nyanya Tano Zinamshinda

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu Serikali ilipofunga shule mwezi Machi kwa sababu ya corona, watoto wangu wawili, wa miaka 4 na 6, wako nyumbani na bibi yao, nami nashinda gengeni. Nimewaruhusu kutazama katuni za elimu kwenye runinga ili wasisahau walichofundishwa. Mdogo sasa anaimba namba kutoka moja hadi ishirini bila kukosea, lakini nilipomtuma aniletee nyanya tano, alirudi na zote alizoweza kukumbatia. Je, runinga inamfundisha au inampumbaza? Na watazame kwa muda gani?
Mama Wawili, Mbagala, Dar es Salaam, Mei 2020

JIBU: Mama Wawili, nyanya hizo zisikuvunje moyo. Kuimba namba na kuhesabu vitu ni kazi mbili tofauti, ingawa masikioni mwa mzazi zinafanana. Katika wimbo, "nne" ni neno linalokuja baada ya "tatu", basi. Katika kuhesabu, mtoto hana budi kugusa kila kitu mara moja tu, akipe neno lake, kisha atambue kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo idadi ya vyote. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na katuni haiwezi kuikagua, kwa sababu mhusika wa kwenye kioo huuliza swali, husubiri kidogo, halafu hupongeza hata kama mtazamaji wake amesinzia.

Sisemi kwamba vipindi hivyo havina faida. Akili and Me, kinachotengenezwa na taasisi ya Ubongo ya hapa hapa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6, kiliwahi kufanyiwa utafiti Morogoro, na watoto waliokitazama walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao katika kuhesabu na kutambua maumbo. Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014, kinawalenga watoto wakubwa zaidi, kwa hiyo wako wa miaka 6 akikipenda mwache, ila usishangae akishika nyimbo na kuiacha hesabu.

Kwa kuwa mchana unashinda gengeni, wa kutegemewa ni bibi, naye hahitaji kuwa amesoma. Aketi nao kipindi kinapoendelea, kikiisha azime runinga, kisha awaulize wamsimulie walichokiona, maana anayesimulia hulazimika kukumbuka. Baada ya hapo amwekee mdogo maharage matano kwa mstari, ayahesabu kwa kuyagusa, halafu bibi ayatawanye mbele yake na kumuuliza ni mangapi. Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa. Wala asikemewe, arudie tu kesho. Huyo mkubwa, ambaye stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndizo zinazomngoja shuleni, aandike ba, be, bi, bo, bu kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, kisha aunganishe silabi hizo kupata maneno kama bibi na baba. Umeme ukikatika, masomo haya hayakatiki.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaelekeza kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Mwongozo huo unahusu walio chini ya miaka 5, lakini mimi nisingempangia mkubwa ratiba tofauti sana, kwani katika nyumba yenye runinga moja ruhusa ya mmoja ni ruhusa ya wote. Kipindi kimoja asubuhi na kingine alasiri vinatosha. Kuiacha ikinguruma kutwa nzima kunawazoesha watoto kutoisikiliza.

Jioni ukirudi na nyanya zilizobaki, nawa mikono, kisha mpe mdogo azipange mafungu ya tatu tatu kama unavyofanya gengeni. Akikosea fungu moja usimrekebishie, muulize, "Hili lina ngapi?" na umpe nafasi alihesabu tena.