Usiikate antena kabla hujaipima ndani ya ini

SWALI: Nasoma uhandisi wa vifaa tiba, naishi Nyegezi. Nimetengeneza antena ya kuunguzia uvimbe wa ini kwa mawimbi ya maikrowevu. Kebo ni ya koaksia (waya wa katikati ndani ya ganda la shaba), ngumu, unene milimita 2.2. Mpasuo wa milimita 1 unazunguka ganda la shaba, milimita 5 kutoka kwenye ncha niliyoifunga kwa risasi ya kulehemu, kisha nikavisha mrija wa tefloni. Nilitaka gigahezi 2.45, lakini nikiizamisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa bonde la grafu, yaani pale nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ni ndogo zaidi, linakaa 1.9. Nifupishe ncha?

JIBU: Weka msumeno chini, ndugu. Kilichokupotosha ni ndoo. Namba ya daielektriki, inayoonyesha jinsi kitu kinavyofupisha wimbi, kwa maji ni kama 78, ya ini kwa gigahezi 2.45 ni kama 43. Wimbi lenye urefu wa milimita 122 hewani linabaki karibu 14 majini, na karibu 19 ndani ya ini. Kwa hiyo antena ileile ikitoka majini na kuingia kwenye ini, bonde hupanda. Antena ingekuwa tupu, bila tefloni, bonde lingepanda karibu mara 1.35, tefloni hupunguza kidogo tofauti hiyo. Hiyo 1.9 yako huenda ikaangukia pazuri tu. Ukifupisha sasa, utapitiliza, na shaba iliyokatwa hairudi.

Nunua ini la ng'ombe la asubuhi, si la kwenye friji. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uliloweke kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka katikati nako kupate joto. Chomeka antena sentimita 6 au 7, kisha bana ini kwa vidole ligusane na mrija pande zote, maana hewa kidogo tu kandokando ya mrija inahamisha bonde. Bonde likisoma desibeli −10, asilimia 10 ya nguvu inarudi: ukituma wati 40, wati 4 zinarudi kwenye kebo badala ya kuingia kwenye ini. Bonde likiwa pana na lenye kina kidogo kuliko majini, usishtuke, ini linameza mawimbi. Na kama unatumia NanoVNA, kile kipimio kidogo cha antena kinachochora grafu hiyo, hakikisha inafika gigahezi 3. Zile za mwanzo hazifiki 2.45.

Pima tena baada ya kuunguza. Ini likifika nyuzi 100 maji yake huchemka na kutoka, daielektriki inashuka, na bonde linahama.

SWALI: Sehemu iliyoungua inatoka na umbo la tone, mkia wake unapanda kufuata kebo hadi karibu na mkono. Kosa ni mpasuo? (Msomaji, Nyakato)

JIBU: Mpasuo hauna kosa. Sehemu ya mkondo inarudi nyuma juu ya ganda la nje, na ini lote linaloligusa linapata moto. Kwa mgonjwa hapo ndipo ngozi huungua. Dawa yake ni koti: kibomba chembamba cha shaba juu ya kebo, tefloni ikiwa katikati, urefu robo ya wimbi ndani ya tefloni, yaani milimita 21. Upande wa mkononi kichomelewe risasi kwenye ganda. Upande wa mpasuo uachwe wazi. Wengi huugeuza, halafu wanalaumu hesabu. Gharama yake ni unene: kebo ya 2.2 ikivaa koti inapita milimita 3, na sindano nene huongeza hatari ya ini kuvuja damu. Ndiyo maana wengine huanza na kebo nyembamba zaidi, au hupitisha maji ya kupoza ndani ya shina.

Ukitaka kuona mkia bila kuharibu ini, tumia ute wa mayai kwenye glasi: unaganda mweupe kwenye nyuzi 60 na kitu. Umbo tu, vipimo usivichukue hapo.

SWALI: Naweza kutumia magnetroni, kile kitoa mawimbi, ya oveni mbovu ya maikrowevu?

JIBU: Hapana. Inatoa wati 700 na zaidi, huwezi kuishusha hadi 40 kwa kuzungusha kitufe, na kebo yako itayeyuka. Isitoshe, inaendeshwa kwa volti kama 4,000, na kapasita yake hubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.