Lupus haiambukizi, msimtenge

Dada, umeuliza kama yule mama mwenye lupus, hapo Bukavu mnapofanyia staji, atengwe asiambukize wengine. Hapana. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyomgeukia, inashambulia ngozi, maungo, hata figo. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Wanafunzi wauguzi mimi huwaanzishia kwenye ngozi, maana vitabu vingi vinaonyesha mashavu mekundu ya Mzungu. Kwa ngozi yetu upele huo huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, mashavuni na juu ya pua, huku mikunjo ya kando ya pua ikibaki safi. Mtu ana homa isiyokwisha, maungo yanamuuma, kipimo cha malaria kinatoka hasi kila mara? Chovya kijiti cha kupimia mkojo, utafute protini, dalili kwamba figo zinaumia. Ni rahisi, na figo mara nyingi huharibika bila kuuma.

Halafu prednizoloni, dawa ya kutuliza kinga hiyo! Aliyeitumia wiki nyingi asiache ghafla, hata akisikia nafuu. Mwambieni na mumewe, kama ndiye anayeshika pesa ya dawa.