Mwenye Deni Naye Huzikwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, wema wetu ni nipe nikupe tu, au kuna sheria ya maumbile inayotufunga hata pale asipokuwepo wa kutulipa? Naona wasomaji wengi watachagua upande mmoja. Mimi nasema nipe nikupe ni kweli tupu, na bado haijafika hata nusu ya jambo lenyewe.

Mimi ndiye mshika daftari wa chama chetu cha wanawake hapa Majengo, Mombasa. Kila mwanachama ana ukurasa wake. Upande mmoja ni michango ya mwezi, upande wa pili ni shughuli: fulani alipomwoza binti yake alipelekewa mchele kiasi gani, sukari, mafuta, nani alitoa masufuria yake, nani alifika alfajiri kuchambua mchele na nani alifika pilau ikipakuliwa. (Naam, hilo nalo huandikwa, ila kwa penseli.) Mtu aliyekuletea nusu gunia kwenye harusi yako, nawe siku yake ukamjia na kilo mbili, mtaa utakuwa na habari kabla hujavua buibui. Hisani haiozi, na hesabu yake pia haipotei.

Kwa hivyo wanaosema maadili yamezaliwa na kulipana siwezi kuwacheka. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers alieleza jinsi kiumbe anavyoweza kufaidika kwa kumsaidia asiye ndugu yake, mradi watakutana tena na fadhila itarudi. Karibu na mwaka 1980 mwenzake, Robert Axelrod, aliwaomba wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo ambao kila upande huchagua kushirikiana au kusaliti, raundi baada ya raundi. Iliyoshinda ilitoka kwa Anatol Rapoport, nayo ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzio lile alilokutendea mara ya mwisho. Akikusaliti mlipe, akijirudi, jirudi nawe, usiweke kinyongo. Linalonipendeza zaidi ni kwamba programu hiyo haikumzidi alama mpinzani hata mmoja walipokutana wawili wawili. Ilishinda kwa jumla, kwa kuwa ilielewana na wengi. Bibi zetu wamekuwa wakiucheza mchezo huo tangu taa za chemli.

Hata samaki wanao. Kwenye matumbawe ya bahari yetu, ikiwemo hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986, yuko samaki mwembamba mwenye rangi ya buluu anayewala vimelea walioganda kwenye miili ya samaki wakubwa. Kinywa chake hasa kinatamani ute wa ngozi ya mteja, si vimelea. Akiung'ata ute, mteja hushtuka, akamfukuza au akaenda zake. Watafiti wakagundua kwamba samaki wengine wakiwa karibu wanatazama, msafishaji huyu hula kwa adabu zaidi. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Watu wa namna hiyo nawajua, na wakati wa kampeni huwa wengi zaidi.

Sasa niwape kisa kinachonifanya nisiishie hapo. Mwenzetu mmoja alikuwa nyuma miezi mingi. Biashara yake ya mahamri ilikuwa imelala, simu hashiki, kwenye shughuli za watu haonekani. Kanuni ya chama haina utata: mwenye malimbikizo hapati fungu la msiba. Basi mumewe akafa, usiku wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi tukakutana barazani na ubishi ukawaka. Wapo waliotaka apewe, wapo waliosema akipewa yeye basi kanuni ichanwe. Dada mmoja akasema bila kuficha, "Mamangu alipokufa, yeye hakuja hata kunipa pole."

Huku sisi tukibishana, wanaume walikuwa wameshatoa jeneza msikitini, vijana wanafunga turubai, na maji ya kumwoshea maiti yanapita mbele yetu kwa ndoo. Yule dada aliyelalamika nikamwona keshajifunga leso kiunoni anauliza vitunguu viko wapi. Baada ya swala ya Ijumaa maiti akazikwa Kikowani. Fungu la chama mjane hakupewa. Chakula cha matanga kilipikwa siku zote, na hakuna mtu hata mmoja, pamoja na mjane mwenyewe, aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Programu ya Rapoport ingetuambia tukae majumbani. Wanasayansi watanijibu kwamba tulikwenda kwa sababu ya macho ya watu, kama yule samaki, na kwamba sifa njema nayo ni malipo. Kwa kiasi fulani ni kweli; mtaa wetu una macho mengi na midomo zaidi. Lakini hebu tazameni sheria iliyowanyanyua wale wanaume. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakipatikana wa kutosha kulifanya, waliobaki wamesameheka, asipopatikana yeyote, dhambi ni ya wote. Hakuna mahali panapouliza marehemu alimtendea nani nini. Deni hilo anadaiwa mji mzima, na anayelilipa hajui nani atamlipia lake siku yake ikifika. Pengine ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Huo nao ni ushirikiano, sikatai, ila hauna ukurasa wenye jina la mtu juu.

Kama ni sheria ya dini au ya maumbile, wanazuoni wamevutana karne nyingi. Katika Uislamu, wanazuoni wa kundi la Muutazila walisema akili hutambua jema na baya hata kabla ya wahyi, wale wa kundi la Ashaari wakakataa. Huko Ulaya, Hugo Grotius wa Uholanzi aliandika mwaka 1625 kwamba binadamu ameumbwa na hamu ya kuishi na wenziwe, na kwamba wajibu utokanao na hamu hiyo ungebaki hata tukijaalia Mungu hayupo, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona uovu mkubwa kulikubali. (Huyu ndiye aliyetoroka gerezani ndani ya kasha la vitabu, kwa hila ya mkewe. Walioandika falsafa ni wanaume, walioshika kasha ni wengine.) Mahakama zetu ziko karibu zaidi na daftari langu: sheria ya mikataba ya Kenya inafuata ile ya Kiingereza, ambamo ahadi ya bure, yaani isiyo na cha kubadilishana, kama haikuwekwa kwenye hati rasmi, kwa kawaida haidaiwi.

Rai yangu mimi ni hii. Kulipana kunahitaji watu wawili wenye uwezo, na hakuna aliyeanza maisha akiwa na uwezo. Mtoto mchanga hubebwa, huoshwa na kulishwa na watu ambao hana cha kuwapa, na wengi wao hufariki kabla hajaweza kuwarudishia. Kwa hivyo kabla mtu hajaanza kuhesabu nani kampa nini, tayari ana deni ambalo aliyemkopesha hatalipokea, naye hana budi kulipeleka kwa mwingine. Hilo halikutungwa na mtu. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyo. Kanuni za chama zinakuja baadaye, na ni lazima ziwe kali. Nimeona vyama vikifa kwa sababu mtu alipokea mzunguko wa kwanza kisha akahamia mtaa mwingine, na wenziwe wakaona haya kumdai.

Kinachotushinda bado ni wapangaji. Vyumba vya huku vimejaa watu wa kila kabila na kila dini, wengine hawakai hata mwaka, na majina yao tunayajua nusunusu. Akifiwa mmoja wao, je, ni wetu? Mimi nasema chakula kiende bila swali, fungu lisubiri. Mwenyekiti wetu anataka walipe kwanza ada ya kujiunga ndipo tufungue mlango wowote. Tunalipigia kura Jumapili, na kwa ninavyowajua wenzangu, mwenyekiti atashinda.