Kupanda Wote Wanapanda, Nishushe Nikuone

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Amejikusanyia hela yake, ana ATV mbili za kuchagua, zile pikipiki za magurudumu manne, zote fowili, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne, na injini zenyewe zinakaribiana. Swali lake: "Kaka, ipi inavuta zaidi kwenye matope?" Nilicheka, halafu bega likaniuma. Miaka sita iliyopita nilimuuliza muuzaji swali hilohilo, akanijibu, "Fowili ni fowili, bosi." Nikaamini, nikalipa.

Nianze na sifa zangu, maana siku ile nilikuwa nazo. Tulikuwa wanne, mvua imekatika asubuhi, mbele yetu kilima cha udongo wa mfinyanzi uliolowa chepechepe. Wawili walikwama katikati. Wa tatu alitazama, akazima injini. Mimi nikapanda. Tairi za nyuma zilizunguka bure kidogo, za mbele zikadaka, mashine ikajivuta kama mbuzi hadi juu. Nilisimama kileleni nikawapungia wenzangu mkono, na nakiri niliwapungia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikageuza kushuka.

Niliachia mafuta nikitegemea injini inishike, kama nilivyozoea kwenye pikipiki ya gia. Mwanzoni ilinishika. Halafu mlio ukafifia, nikasikia kitu kimeachia chini yangu, na mashine ikawa huru kama mkokoteni uliokatika kamba. Kwa hofu nikabana breki ya nyuma kwa nguvu zote. Tairi za nyuma zikaganda, mkia ukaja ubavuni kwangu, tukaserereka kimshazari mpaka kwenye kisiki. Mtulinga ukavunjika. Walionibeba ni walewale wawili waliokwama. Mmoja wao hadi leo akiniona hunipungia mkono, taratibu, kwa muda mrefu.

Miezi ya kukaa na bandeji nairuka. Cha maana ni alichonionyesha fundi alipofungua kava la pembeni. ATV nyingi za siku hizi hazina gia za kukanyaga. Kuna mkanda unaozunguka kati ya puli mbili, na klachi inayobana kwa kasi ya injini. Ukiachia mafuta, mzunguko unashuka, klachi inalegea, na magurudumu hayana tena kinachoyaunganisha na injini. Hiyo ndiyo "kuachia" niliyoisikia. Zipo zilizowekewa beringi ya upande mmoja, kama mfumo wa Ultramatic wa Yamaha: magurudumu yakitaka kukimbia kuliko injini, beringi inang'ata, na injini inalazimika kuyazuia mpaka chini. Na zile za gia halisi, ambazo Honda wamezing'ang'ania kwa miaka mingi, hazina mkanda kabisa, kwa hiyo breki ya injini yake unaihisi vizuri tu.

Lakini jambo lililoniumiza roho lilikuwa la magurudumu ya mbele. Mashine yangu ilikuwa ya fowili inayojiwasha: mbele hushika pale tu tairi za nyuma zinapozunguka haraka kuliko za mbele. Kwenye kupanda, safi. Sasa fikiria kushuka. Injini inazishika za nyuma, za mbele ndizo zinakimbia, kwa hiyo ule mfumo hauoni sababu ya kushika. Fowili yangu niliyoilipia ilikuwa inashuka mlima kwa magurudumu mawili. Tena mawili ya nyuma, wakati uzito wote umehamia mbele na nyuma kumekuwa kwepesi! Kuna watengenezaji walioliona hilo: baadhi ya Polaris zina mfumo wa kushukia unaopeleka breki ya injini hadi mbele ukiachia mafuta. Lakini sharti uwe umewekwa kwenye hiyo unayonunua, na sharti ubonyeze swichi yake.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye kilima kilekile na mashine mbili za kuazima, moja ya kujiwasha kama ile yangu ya zamani, nyingine fowili ya kudumu yenye swichi ya kufunga difu ya mbele, yaani tairi mbili za mbele zizunguke pamoja. Kupanda? Zote zilifika. Ya kujiwasha ilichimba kidogo kabla mbele hakujaitika. Ile nyingine, difu ikiwa wazi, ilipoteza nguvu kwenye tairi moja lililoning'inia. Nilipofunga difu ikapanda bila shida, ila usukani ukawa mzito hasa, ikawa inataka kwenda moja kwa moja tu. Tofauti ipo, lakini si ya kukosesha mtu usingizi.

Kushuka ndiko nilikopata majibu yangu. Niliweka gia nzito, ile ya L, nikatoa kidole kwenye mafuta, sikugusa breki. Ya pili ilishuka kama mzee anayeshuka ngazi, injini inanguruma, magurudumu yote manne yanakataa kuharakishwa. Ya kwanza nililazimika kuishika kwa breki mara nne. Nilipofika chini mzima nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Hakukuwa na mtu wa kunipungia, nikajipungia mwenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, na wengine mnaotaka kufika kunakosifiwa: kabla hujalipa, shuka nayo. Muuzaji akikataa, ondoka. Weka L ukiwa bado juu, usisubiri uwe katikati. Usiweke frii kwenye mteremko, hata kwa mzaha, hata kwa kuokoa mafuta. Ikiachia, gusa mafuta kidogo klachi ibane tena; najua mkono utakataa, ulazimishe. Na pale injini inaposhika kupita kiasi mpaka tairi zinaburuzika bila kuzunguka kwenye utelezi, dawa ni hiyohiyo, mafuta kidogo, tairi zirudi kuzunguka, maana tairi linaloburuzwa halikupeleki unakotaka. Angalia upepo wa tairi pia: ATV nyingi zinataka kama paundi 5 tu, na mtu akijaza kama gari dogo tairi linakuwa mpira wa kudunda. Tena, weka L ukiwa juu. Nimeshasema? Nasema tena, maana watu hawasikii. Vijana mnanunua rangi na taa, mnapiga picha mkiwa kileleni, hakuna anayepiga picha ya kushuka. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na nina chuma cha sentimita kadhaa mwilini cha kunikumbusha. Jifunzeni kwa bega langu, ni bure.

Na ukinunua iliyotumika, jaribu mara mbili, ikiwa baridi na ikishapata moto. Ile beringi ya upande mmoja ikichakaa, breki ya injini hupotea kabisa, wakati kwenye kupanda mashine inavuta kama mpya.

Yote haya nilimwandikia yule msomaji, karibu saa nzima naandika. Jioni akanijibu: "Ahsante sana kaka, nimekuelewa. Sasa ipi inavuta zaidi?"