Bajeti, haki na jinsia: maswali yenu

Serikali imetenga fungu la miradi ya wanawake. Bado mnadai bajeti haizingatii jinsia?

Tunadai, ndiyo. Fungu hilo huwa dogo mno. Ulizia yale makubwa: maji, afya, barabara, ulinzi. Australia ilipoanza kuchambua bajeti yake kwa jicho hili mwaka 1984, wizara mbalimbali zilitakiwa zieleze matumizi yao yanawagusaje wanawake. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya fedha za umma ya 2015 inataka bajeti ipate cheti cha usawa wa jinsia kabla ya kupitishwa.

Wakisema hakuna fedha, tuna hoja gani tena?

Mnayo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, ibara ya 2, unaitaka nchi itumie rasilimali zilizopo kwa kadiri yote inayowezekana, haki zitimie hatua kwa hatua. Wakubwa huikumbuka sana hiyo "hatua kwa hatua". Lakini kutobagua hakungoji hazina ijae, na anayepunguza fedha za dawa au shule ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alipima kwanza njia nyingine, ikiwemo kufuta misamaha ya kodi isiyo na tija. Angalieni pia upunguzaji wa kimyakimya: fungu la afya likipanda kwa asilimia 5 huku bei zikipanda kwa asilimia 8, limepungua, hata waziri akilisoma kwa mbwembwe.

Kodi haiulizi wewe mume au mke. Tatizo nini?

Kodi ya ongezeko la thamani humbana zaidi mwenye kipato kidogo, na wanawake ni wengi katika kundi hilo.

Kazi za nyumbani zinahusiana nini na hazina ya serikali?

Zahanati ikikosa wauguzi, ugonjwa hauishi, huhamia nyumbani. Mara nyingi mama au binti ndiye anayeuguza, akiacha biashara au masomo. Serikali huandika hapo kwamba imebana matumizi. Gharama ipo, ila imehamishiwa kwa mtu asiyelipwa, na hakuna kasma, yaani kifungu cha matumizi katika bajeti, inayoionyesha.

Mimi si mchumi. Nianzie waraka gani?

Achana na hotuba. Chukua taarifa ya utekelezaji wa bajeti na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu, chagua huduma moja unayoijua, kisha linganisha fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika. Halafu uliza waliohudumiwa walikuwa wanawake wangapi na wanaume wangapi. Wasipokuwa na takwimu hizo, dai zikusanywe kabla ya bajeti ijayo.